Fimbo za Mama Mkwe kwenye Zulia la Sufu

Haya sogeeni, sogeeni, na wewe mwenye redio izime kidogo, redio yako haina habari kama hii. Leo nawapa aibu yangu mwenyewe, sijaazima ya mtu. Wapo walioanguka na baiskeli mbele ya wachumba, wapo waliochanikiwa suruali mnadani, hao wote mimi nawaita wenye bahati. Mimi nimekaliwa na mama mkwe wangu. Kukaliwa, nasema, kitako chote, na mama yule alikuwa mtu wa kujaza mlango (nikisema magunia mawili ya mpunga nimempunguzia), na mimi niko chini yake kimya kama kiazi.

Mnaocheka hamjui uzito wa jambo lenyewe. Kwetu Wasukuma mkweo wa kike humtazami usoni, huli naye, huingii nyumba aliyomo. Ukimwona anakuja njiani wewe unaingia porini, na porini kukiwa na nyoka unamsalimia nyoka. Miaka sita nimeoa, mama mkwe namjua kwa mgongo tu.

Sasa, ilikuwa miaka ile ya sabini, ya kupanga foleni ya sabuni, mimi niko Geita natwanga mawe ya dhahabu. Kazi yenyewe ni kinu cha chuma na mchi wa chuma, dhahabu unapata ya kuingia kwenye ukucha, vumbi unapata la kugawia kata nzima. Nilikuwa narudi nyumbani Kalangalala mweupe kama nimelala kwenye unga, mke wangu Kabula ananitambua kwa meno. Na sakafu yetu ilikuwa ya udongo, mtu akipiga chafya lazima ufagie. Mtoto wetu Masanja, miaka miwili, akaanza kukohoa, kikohozi kizito cha mzee mvuta tumbaku. Kabula akavumilia, akavumilia, siku moja akambeba mtoto huyo akaenda kwao Ushetu. Habari ikanifikia: mama yake amesema mjukuu harudi kwenye lile vumbi mpaka yeye aje aone kwa macho yake anapolala. Akiridhika, mke na mtoto wanarudi. Asiporidhika, niendelee kuishi na kinu.

Nikaenda kwa Bwana Hamisi mwenye duka, mtu wa pwani, maneno yake laini kama mkate wa kumimina. Nikamweleza. Akanipeleka stoo, akanionyesha zulia limekunjwa, refu kuliko mimi.

"Hili ni sufu ya kondoo," akasema.

"Kondoo wa wapi, Bwana Hamisi? Kondoo wetu wana nywele kama mbuzi."

"Wa huko kwenye baridi. Sikiliza wewe. Vumbi likianguka hapa linanaswa, haliruki kuingia puani mwa mtoto. Unyevu wa sakafuni linaunywa, chumba kinakuwa kikavu. Cheche ikidondoka haliwaki kama nailoni. Haya mazulia ya plastiki yananuka pipa la mafuta ya taa, ukiyatupa hata mchwa wanayakataa. Hili likichakaa unalizika shambani, linaoza, mahindi yanakushukuru."

Ndugu zangu, mimi sijasoma, lakini siku ile nilijiona nimemaliza chuo. Tukakubaliana nimchimbie choo ndiyo iwe bei yake, nikachimba futi thelathini (wapo wanaosema kumi na tano, hao hawakushuka chini wakapima). Siku ya kulibeba akaniinulia kidole:

"Ila Baba Masanja, hili limelala stoo miaka, limeshiba vumbi. Kabla hujalitandika lianike juani, lipige fimbo mpaka litapike. Na kila wiki hivyo hivyo."

Nikaitikia. Halafu nikafika nyumbani nikaona, aa, kulipiga kitu kizuri namna hii? Mgeni hajaketi unamchapa? Nikaacha. Jamani, hapo tu ndipo nilipoharibu, mengine yote yalikuja yenyewe.

Siku ya mama mkwe ikafika. Mpango ulikuwa hivi: basi linaingia alasiri, mimi niwe nimeshaondoka, jirani yetu Mama Shija atawapokea na kuwaonyesha nyumba. Nilimfundisha sifa zote za zulia akazikariri kama katekisimu. Asubuhi nikawa nimelitandika, naligusagusa, nalilalia kidogo kujua atakavyojisikia mwanangu, mara nasikia nje salamu ya asubuhi ya kwetu:

"Hodi hapa! Mwangaluka!"

Kumbe wamepata lifti ya lori la tumbaku! Mlango ni mmoja, dirisha halipitishi hata paka aliyeshiba, chini ya kitanda kuna kuku anaatamia (nilijaribu, akanidonoa sikio). Nikalala ukingoni mwa zulia, nikashika ncha, nikajiviringisha. Mara tatu. Nikawa sambusa.

Wakaingia, na Mama Shija jirani nyuma yao. Mama Shija akashangaa, "Mwanamume huyu! Hata kulitandika hajalitandika!"

"Liache kwanza mwanangu, miguu imeniisha kwenye lori," sauti nzito ikasema, na jua likazama. Alinikalia hapa, kwenye mbavu. Nikasikia zinaulizana.

"Laini," mama mkwe akasema. "Lina joto zuri, kama kitu hai."

"Ndiyo sufu yenyewe mayu, mama yetu," Mama Shija akadakia. "Sufu inapumua."

Kweli ilikuwa inapumua, kwa shida.

Masanja akashushwa mgongoni, akaja upande wa kichwa changu, akachungulia kwenye tundu. Jicho kwa jicho.

"Baba!"

"Baba yuko kazini, mwanangu," Kabula akamwambia.

"Baba!"

"Kamkumbuka baba yake masikini," akasema Mama Shija, wakamvuta.

Mama mkwe akawasha kiko. Mara nasikia, "Ah! Kaa limeanguka!" Nikasema kimoyomoyo sasa naenda kuchomwa kama mahindi. Lakini Mungu mkubwa, zulia halikuwaka! Likafuka kidogo, likazimika lenyewe, ikabaki harufu ya nywele zilizoungua.

"Mmeona?" Mama Shija akapaza sauti. "Halishiki moto hili!" Na mimi humo ndani, mbavu zimebonyea, nikajisikia fahari, karibu nipige makofi.

"Na vumbi je?" mama mkwe akauliza. Akasimama (nikapata pumzi mbili). "Mimi nimekuja kwa ajili ya vumbi. Kabula, nipe fimbo yangu."

Ndugu zangu, ile fimbo ilikuwa ya kuchungia ng'ombe. Pu! Ikatua pajani. Pu! Goti. Pu! Sitaki kusema wapi. Nikauma kidole, sikulia. Lakini vumbi la miaka ya stoo lilikuwa linangoja hodi tu. Lote likaamka likakimbilia kwenye tundu moja lililokuwa wazi, nalo ni pua yangu. Nikabana, nikabana, macho yakatoka, masikio yakaziba, halafu nikakohoa. Zulia zima likaruka kama kambare, likatua mlangoni.

Hata kuku akaacha kukoroma.

"Mnaniambia hili ndilo la kumponya mjukuu wangu kifua?" mama mkwe akasema polepole. "Lenyewe lipelekeni zahanati!"

Nikakohoa tena. Kabula akashika kichwa: "Mayu wee! Hicho kikohozi cha Baba Masanja!"

Mama mkwe akapiga ukelele, akajifunika khanga uso mzima. Sasa hapo ni kazi. Mimi siwezi kutoka kwa sababu yeye yumo, yeye hawezi kutoka kwa sababu mimi nimeziba mlango. Mama Shija akaniruka, akaenda bombani kuita wanawake, wakaja sita, wakanibeba nikiwa humo humo, mpaka nje. Barabarani mzee mmoja akavua kofia, akauliza kwa huruma, "Poleni. Marehemu ni nani?"

"Ni mimi," nikajibu.

Mzee yule hatukumwona tena Kalangalala.

Wakanimwaga nyuma ya nyumba. Nikaoga, nikalianika zulia juani, nikalipiga mpaka mikono ikafa ganzi, lilitoa vumbi la kujengea nyumba. Lilipoacha kutoa, wanawake wakalirudisha ndani, wakalitandika, Masanja akalazwa juu yake usingizi wa mchana. Mimi nikasimama nje, sikio ukutani, nahesabu pumzi zake. Nilijua akikohoa mara moja tu, wanapanda lori. Nikangoja. Jua likahama kutoka ukuta huu kwenda ule. Nasikia mtoto anakoroma tu, laini, kifua kimetulia.

Tangu hapo nimeapa: mtu akinipa maneno kumi ya kazi, naanza na lile la kumi, lile nisilolipenda.

Basi mama mkwe akasema, kwa sauti ya kupita ukuta, "Mama Shija, mwambie huyo mtu mke na mtoto wanabaki. Mwambie zulia alipige kila Jumamosi." Mama Shija akafungua mdomo anifikishie, lakini mama mkwe, sijui mwiko aliuweka wapi, akanipigia kelele mwenyewe:

"Na kabla hujalipiga, Baba Masanja, utoke!"