Dawa ya Mailo

Mwanangu, umeniletea kaye yako, daftari lako la dawa za mchezo, nizisome. Kabla sijakurudishia, iko siku moja ninayoikumbuka vizuri, hapa hapa Nchelenge, kando ya ziwa Mweru, nilipokuwa na umri kama wako.

Tulikuwa vijana sita, watatu wa Kongo, nami nikiwemo, na watatu wa hapa ziwani. Tulicheza ule mchezo wa mezani ambao kila mmoja anakuwa mtu wa hadithi, kete zinaamua, na msimulizi anaeleza kinachotokea. Msimulizi nilikuwa mimi, na kitabu cha sheria nilikiandika mimi. Nguvu za ajabu tuliziita dawa, maana neno uchawi lisingevuka mlango wa nyumba yoyote ya watu wa kanisa.

Nilipenda maneno mazuri kuliko maneno wazi. Dawa moja niliiandika hivi: "Jicho la Mweru. Macho yanafunguka kama alfajiri juu ya maji, na mutu anaona mailo." Mailo ni neno la Kibemba, lugha ya hapa. Maana yake ni jana, na maana yake ni kesho. Wenyewe huijua ni ipi kwa kitenzi kinachoandamana nalo. Kitenzi changu hakikusaidia. Nilikusudia jana, ila sikumwambia mtu.

Mwansa, binti wa hapa aliyejua Kiswahili cha sokoni, alikuwa na mtu wake mchezoni, mpiga kasia aitwaye Kapasa. Alikuwa amemlea miezi minane. Siku hiyo akatumia Jicho la Mweru kabla ya kuvuka. Nikamwambia anaona ziwa limetulia. Akavuka. Nikaleta dhoruba, kete zikaanguka vibaya, Kapasa akazama.

"Lakini niliona maji imetulia!"

"Uliona ya jana."

"Awe, munandi!" Yaani hapana, rafiki yangu. "Mailo njo kesho!"

"Njo jana pia."

Kasongo, rafiki yangu, akacheka. "Basi Mwansa, ulikufa jana na hatukukuzika!"

Mwansa hakucheka. "Mumekopa neno letu, mukanizamisha nalo," akasema, akaondoka. Wenzake wawili wakamfuata. Meza ikabaki na sisi watatu, wote wa ng'ambo moja. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Tulikuwa tukichezea sebuleni kwa Tata Ilunga, mjomba wake Kasongo, aliyewahi kuwa muuguzi huko Kongo. Alikuwa amesikia yote. Akaomba kaye, akasoma, akavua miwani.

"Weye uliandika dawa ao wimbo?"

Akanirudishia kaye.

"Miye nilikuwa naandika mu karatasi: kimoja, asubuhi, kisha kula. Mutu akikosea kunywa, nilikuwa nauliza kwanza mukono yangu, kisha kichwa yake."

Nikaenda kwa kina Mwansa, nikamkuta akigeuza chisense, wale dagaa wetu, juani. Nikamwambia: Kapasa hakufa, kosa ni langu mwandishi, na hasara ni yangu.

"Leta kaye," akasema, bila kutabasamu. Akakata mailo, akaniambia niandike upya pale pale. Nikaandika: "Anaona kesho, mahali alipo, saa moja."

"Saa moja ya asubuhi, ao muda wa saa moja?"

Nikakata tena. Hapo ndipo alipocheka, nami nikacheka.

"Na alfajiri yangu juu ya maji?" nikauliza.

"Weka mwisho. Mwenye haraka asiikute njiani."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, tulikuwa sita tena.

Sasa nasaha yangu, mwanangu. Ukiandika dawa, sema kwanza inamgusa nani, kwa umbali gani, kwa muda gani, na nini kinaikomesha. Uzuri uje nyuma, nao uje, sikukatazi. Neno la jirani usiliandike kabla hujamuuliza jirani, maana kuuliza si ujinga. Na maandishi yako yakiwa na njia mbili, aliyepotea asilipie. Lipa wewe uliyeandika. Kaye yako ina dawa tatu za namna hiyo. Nimezitia alama.

Mungu akupe mkono mwepesi na wasomaji wabishi, na kila atakayekaa mezani pako ainuke akiwa bado rafiki yako.