Nilipanda maua ya kuita nyuki, nyuki zikaingia kwenye rozari

Wakuu wa humu, jambo yenu wote. Muamini ao musiamini, hii ilinifikia mimi mwenyewe hapa Bukavu, na bibi yangu (muke wangu) iko pembeni anasoma vile naandika.

Bon. Tuko na parcelle, kiwanja ndogo ya nyumba, kwa mulima, upande wa Panzi. Bibi yangu, Maman Furaha, alipanda maracuja, ile tunda wengine munaita pasheni, juu ya kuuzisha jus. Ikapanda pergola, kichanja ya miti, mupaka kwa bati ya nyumba. Maua tele.

Tunda? Hata moja.

Nikauliza cousin yangu wa Lwiro, ule anasomaka mambo ya wadudu. Akacheka. "Grand, maracuja inataka zile nyuki kubwa nyeusi zinatoboaka mbao. Kwako zinakosa chakula maracuja ikimaliza kuchanua. Panda maua yenye kuishi miaka na kuchanua muda murefu." Akanipa mbegu ya maua mbili, sauge na gaillarde.

Maman Furaha akanitazama vile munajua. "Maua? Kwa udongo ya maharagi? Zamu yetu ya shirika ikishapita na tunda haijaonekana, nalima yote!"

(Kwa wasiojua: shirika iko sisi Wakatoliki wa avenue moja, tunasalia nyumba kwa nyumba.)

Nikapanda mu bidon za mafuta nilizokata nusu. Gaillarde haitaki kuzikwa: unaimwanga juu, unaigandamiza kidogo na mukono, unanyunyiza maji. Nikafunika na kipande ya moustiquaire, chandarua ya mbu, juu kuku za jirani hazina adabu.

Alafu miezi ya majani tu. Kila mupita njia: "Papa Furaha, hiyo iko lengalenga ya wapi?" Jirani mumoja alichuma akizani ni mchicha, akapika, akarudi kunilalamikia kama iko chungu. Ashi!

Asubuhi moja nikafungua mulango: nyekundu, njano, bleu! Na nyuki nene nyeusi zinaunguruma kama pikipiki yenye kupanda mulima na abiria watatu. Nilifurahi mupaka nikaanza kuzisalimia.

Siku ya shirika ikafika. Nilitoka kidogo kununua sukari ya chai.

Kurudi, bustani imenyolewa.

Maman Présidente, mukubwa wa shirika, alikuwa amekata kila ua juu ya meza ya Bikira Maria. Kwetu maua ya parcelle iko ya Bikira, hakuna mwenye kuomba ruhusa. "Papa Furaha, Mungu akubariki," ananiambia, kisu mukononi. Nilitaka kulia. Nikanuna tu. Nimunyime mama wa Yezu?

Tukaanza rozari kwa salon. Kumi la pili ya Salamu Maria, kitu ikaunguruma kwa dirisha. Nyuki zimefwata chakula yao.

Hakuna aliyekimbia, juu mwenye kukimbia rozari avenue itamuongelea mwaka muzima. Moja ikatua kwa kipara ya katekista. Akafunga macho, akaendelea kusali na sauti ya mutoto. Maman Présidente akaongeza mwendo, kumi nzima ikaisha mbele sijameza mate. Kila tulipofika kwa "saa ya kufa kwetu", vraiment, watu walijibu na imani.

Maman Furaha njo alisimama. Akakamata meza na sanamu ya Bikira na maua yote, akatoka nayo inje mupaka chini ya pergola. Nyuki zikamufwata kama procession. Na sisi nyuma, maana rozari haikukuwa imeisha! Tukamalizia pale, nyuki zinaingia mu maua ya maracuja, zinatoka na mugongo yenye vumbi ya njano.

Maracuja ikazaa. Lakini shirika yote inasema iko muujiza wa Bikira. Maman Présidente alitoa ushuhuda, na mimi nikaambiwa nitubu juu nilinuna.

Na maua? Kumbe ukikata inarudi kuchanua kuliko mwanzo. Yule maman alinisaidia bila kujua. Basi funzo ni hiyo: vumilia majani, na usiogope kisu.

Juzi Maman Présidente akarudi na kisu chake. Maman Furaha, ule aliyetaka kulima yote, alimungojea kwa mulango na jembe. "Maman, leo chukua maracuja. Maua iko ya nyuki."

"Na Bikira?"

"Bikira atanielewa. Na yeye alikuwa na nyumba ya kulisha."

Sasa nyinyi semeni ukweli: mungekuwa mu ile salon, mungekimbia ao mungesali?