Nyota Yenye Mkia Juu ya Kathonzweni

Mume wangu alifundisha fizikia maisha yake yote, na alipostaafu hakuacha kutazama anga. Basi redio iliposema kuna nyota yenye mkia itakayoonekana magharibi punde tu jua likizama, hakutulia. Alimwita rafiki yake mpiga picha za harusi, akaja kutoka Ikutha na kamera yake kubwa. Tulipanda mwamba ulio nyuma ya soko la Kathonzweni jioni mbili, tukarudi mikono mitupu. Watu walikuwa wakichoma mabua mashambani kungojea mvua, na moshi ulikuwa umeziba upande wote wa magharibi.

Jioni ya tatu upepo ulivuma, anga ikawa safi. Sayari ya Zuhura ilitokea. Mpiga picha aliinamia kamera yake, akapiga, akapiga tena, kisha akapaza sauti: "Mwalimu, ndiyo hii!"

Nami nikaiona: doa jeupe, na mkia mwembamba umesimama juu yake. Nilijishika mdomo.

"Umeiona?" nikamuuliza mume wangu.

"Naiona vizuri sana. Mkia mrefu ajabu!"

Lakini alikuwa akitazama kusini, kwenye mnara wa simu. Nikamshika kiwiko, nikamgeuza polepole. "Eeh, hapo sasa," akasema, na macho yake yakaipita ile nyota bila kusimama.

Ndipo nikakumbuka niliyokuwa nimeyapuuza. Chai aliyoimwaga kando ya kikombe. Kanisani, alivyokataa kusoma Neno akisingizia miwani. Ana kisukari cha siku nyingi. Na ni yeye aliyetuendesha hadi pale, ng'ombe na watoto wakirudi nyumbani barabarani.

Tulipokuwa tukishuka nilimwambia kwa sauti ya chini, "Mzee, nipe ufunguo wa gari."

"Wa nini?"

"Nipe tu."

Alisimama. Mpiga picha alikuwa ametangulia, akijiimbia kwa furaha.

"Umejua lini?" akaniuliza.

"Sasa hivi."

"Mimi najua tangu Pasaka. Nilitaka kwanza niione hii, mama. Nilijua ukinipeleka hospitali hutaniruhusu tena kupanda huku."

Akaniwekea ufunguo kiganjani. Niliendesha polepole mpaka nyumbani, nikiwa na hasira na huruma pamoja.

Daktari wa macho alisema jicho la kushoto limekwisha. La kulia huenda likaokolewa kiasi, lakini tumechelewa. Anadungwa sindano kwenye jicho hilo. Picha ilitoka nzuri kweli. Aliniomba nimweleze ilivyo, nikaanza, nikashindwa kumaliza. Kuna asubuhi huniambia anaona mwanga wa dirisha. Asubuhi nyingine huketi kitandani kimya, nami siulizi.