Sauti Nyuma ya Shuka

Harufu ya petroli ya jenereta ndiyo inayonirudisha kwenye kiangazi kile nilipofundishwa kusema kwa sauti ya mtoto mwingine. Nilikuwa binti mdogo wa fundi cherehani wa Kasongo, na Wabelgiji walikuwa wakizungusha lori la sinema vijijini. Picha zao hazikuwa na sauti. Waliozisemea walikaa nyuma ya shuka nyeupe, mbele ya kipaza sauti. Karani mmoja, Kalisti, ambaye alisemea wanaume wote, alitafuta mtoto wa kike kwa ajili ya picha ya ugonjwa wa malale. Baba alisita, lakini nani angeikatalia serikali? Mwenye nguvu mpishe.

Jioni Kalisti alinifundisha uani kwetu. Mwanzoni nilikimbiza maneno na kumeza miisho yake. "Pumua kwa tumbo, mutoto," alisema. "Usipige kelele. Ule mama iko karibu yako, sema naye." Nikajifunza kunyamaza kabla ya neno zito, na kuiacha sauti itetemeke bila kukatika. Mtoto wa kwenye picha alipopelekwa kambi ya wagonjwa, nilipaswa kusema: "Mama, usilie. Nitarudi nikiwa mzima." Siku nilipoyapatia maneno hayo, shangazi yangu aliyekuwa akipepeta mchele aliuweka ungo chini. "Maneno huumba," akasema. "Huyu mutoto anaahidi kitu gani, na kwa nani?"

Tukaenda Wamaza, upande wa Kabambare, baba akinisindikiza. Watu waliketi chini. Kalisti aliniambia kwamba wauguzi walikwisha kupita pale, wakachukua wagonjwa, na bado hakuna aliyerudi. Jua lilipozama jenereta ikanguruma. Zamu yangu ilipofika nilivuta pumzi, nikanyamaza kidogo, nikasema vizuri kuliko siku zote.

Shuka ikavutwa kando. Mwanamke mmoja aliingia mikono mbele, akanishika mabega. "Asumini! Mutoto wangu iko hapa!"

Kalisti alininong'oneza niendelee. Sikuweza. "Mama, mimi si Asumini," nikasema kwa sauti yangu. "Mimi ni Mwamini, wa Kasongo."

Alinitazama sana, vidole vyake havikulegea. "Basi nani alikupa maneno yake? Ndivyo aliniambia siku walimubeba."

Asubuhi akina mama walijipanga mbele ya hema la wauguzi waliokuja na lori, watoto mgongoni. "Umeona?" Kalisti alisema kwa furaha. "Sauti yako imewaleta." Lakini yule mwanamke alikuwa akipita mstarini, akimwambia kila mmoja jambo kwa Kibangubangu, lugha ya kwao. Mama mmoja akatoka, kisha mwingine. Adhuhuri hema lilikuwa tupu, na askari wakatumwa msituni kuwatafuta. Baba alimwambia Kalisti kwamba sitasema tena. Kwa neno hilo alilala gerezani hadi mvua za kwanza.

Siku hizi mjukuu wangu husoma matangazo ya redio, nami humsahihisha matamshi. Juzi alipewa tangazo la dawa inayoponya kila ugonjwa, akakataa kulisoma. "Sijui kama ni kweli, bibi," aliniambia. Hakuna aliyefungwa. Nilimshukuru Mungu kwamba dunia imebadilika. Jioni nikafungua redio: walikuwa wamempa mwenzake, naye alilisoma vizuri sana.