Salamu Iliyotoboa Jerikeni

Leo naisimulia huku nacheka, lakini siku ile pale Bwera nilitamani ardhi inifunike pamoja na upinde wangu.

Niwaelezee kwanza, msije mkapotea. Mkono wangu wa kulia haupo, ulikwenda zamani na mashine ya kukoboa kahawa, kwa hiyo upinde naushika kwa wa kushoto na uzi nauvuta kwa meno: kuna ukanda mfupi wa nailoni umefungwa kwenye uzi, nauuma kwa magego, nasukuma upinde mpaka mkono unyooke, nalenga, kisha nafungua mdomo na mshale unaondoka. (Hata wewe utaweza, ila usijaribu na jino bovu.) Yaani mdomo wangu ndio kidole changu. Likumbukeni hilo.

Alikuwa anachaguliwa mtu mmoja wa kwenda kushindana Kampala. Tulibaki mimi na Biira, anayepiga akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu, na mimi nilikuwa mbele: mshale wangu wa mwisho uguse tu ubao wa shabaha, popote, na safari ni yangu. Kwa kujiamini nilikuwa nimemwalika mama mkwe kutoka Nyakiyumbu, na kosa langu ni hili, niliagiza kiti chake kiwekwe karibu yangu, si nyuma na wageni wenzake, ili nimfafanulie kila kitu vizuri.

Akachelewa. Alifika nimeshauma na uzi umevutika wote, akaketi, akasema, "Mukwe, habari?"

Sasa kwetu salamu ya mama mkwe haiachwi hewani, ukiiacha jioni Nyakiyumbu nzima inajua na mkeo anaulizwa sokoni. Nikajibu, "Mmm."

Akanigeukia. "Mukwe, unanijibu kama ng'ombe?"

Kocha wetu, mwanajeshi mstaafu tunayemwita Afande, alikuwa nyuma yangu. "Baluku, funga mdomo."

Taya linatetemeka, jasho linaingia jichoni, na kwa pembe ya jicho namwona mama anakusanya kitenge chake, anasema basi yeye anarudi kwake.

Nikasema, "Nzuri, mama."

Kwenye "mama" sikufika. Mshale uliondoka na "nzuri", ukaruka juu ya ubao na kwenda kutoboa jerikeni ya uji, ile tuliyoificha kule nyuma ya ubao ili watu wasiunywe kabla ya wakati, na uji wote ukamwagika huku wageni wakiutazama, vikombe mkononi.

Mama mkwe akaketi tena. "Eee. Sasa umesalimia."

Biira alikwenda Kampala. Siku ya kuondoka alinipungia mikono yote miwili, mchokozi yule.

Tangu hapo, kabla sijauma ukanda nazunguka uwanja mzima nikisalimia kila mtu, mpaka mbuzi waliofungwa pembeni. Na mama mkwe? Anaitikia vizuri kabisa, kisha anasubiri niume, ndipo anauliza habari za wajukuu.