Mtama Mweupe wa Kolo

Mimi hakuna cha kunishangaza. Nimebeba magunia soko la Majengo, Dodoma, nikiwa na suruali moja, nikalala juu ya maturubai, nikaibiwa, nikafilisika mara mbili, nikainuka mara tatu. Shule niliishia darasa la nne. Leo nina ghala mbili na fuso, na nyumba yangu ya Ipagala haina tofali la mkopo. Wenye digrii wanakuja kuniuliza bei ya mtama itakuwaje mwezi ujao, nami nawaambia, na inakuwa. Sisemi haya kujisifu. Nasema ili ujue ni mtu wa namna gani aliyepatwa na jambo hili, kwa sababu hadi leo likinijia kichwani nasaga meno.

Mali yangu yote imetokana na jicho. Pale kwetu mzigo ukishuka, mmoja anachukua bambo, kile chuma chenye mfereji, anachoma gunia, anamwaga punje kiganjani, anatazama, anatamka. Akishatamka, wengine hawachomi tena. Kwa miaka mingi mtamkaji ni mimi. Nikisema safi, ni safi. Nikisema wa zamani, mwenye mzigo aanze kutafuta pa kulala.

Sasa, kuna mama mmoja wa Kolo, kule Kondoa. Nilipokuwa bado mbeba magunia, yeye ndiye alinipa mtama magunia kumi kwa mali kauli, bila senti mkononi, kwa neno langu tu. Wengine walimcheka. Nilimrudishia hela yake kabla ya siku tuliyopatana, na tangu hapo kila msimu mtama wake mweupe ulikuja kwangu kwanza. Ninavyojiita tajiri, chanzo ni yale magunia kumi.

Msimu uliopita alileta magunia arobaini. Bei tulishapatana kwa simu, elfu tisini kila gunia. Nikachoma bambo. Nikatazama kiganja. Njano.

Nikachoma la pili. Njano. La tano, la tisa, njano tu, rangi ya meno ya mvuta sigara.

"Mama," nikasema, na sauti yangu si ndogo, "huu mtama ni wa mwaka juzi. Umeuchanganya."

"Mwanangu, nimeupura wiki mbili zilizopita."

"Mama, mimi si wa kudanganywa na mtama!"

Watu wakageuka. Jirani yangu, Mhindi ambaye familia yake inauza nafaka pale tangu babu yake, akaja, akachota kidogo, akausogeza juani. "Mhh," akasema. "Kweli, una unjano."

 Yule mama alijifunga upya mtandio wake, akawaita wabebaji. Lori alilokodi lilikaa pale hadi kesho yake, maana mstari mzima hakuna aliyetaka kugusa. Mwishowe akauza kwa mtu wa chakula cha kuku, elfu sitini na tatu. Nikasikia. Nikasema moyoni, na ajifunze.

Siku hizo nyumbani nako nilikuwa nagombana. Mashati yangu meupe yalikuwa yanageuka njano, nikamlaumu mke wangu kwamba anafulia maji ya kisima. Maji yetu Dodoma yana chumvi, kila mtu anajua.

"Nafulia maji ya bomba, baba watoto."

"Basi sabuni."

"Sabuni ni ileile. Labda uende ukapime macho."

Nikacheka. Macho yangu? Macho yaliyojenga nyumba unayolala? Nikanunua sabuni ya bei. Nikabadilisha taa za sebuleni, nikamwambia fundi ameniletea taa mbovu. Miezi mingine minne nikaenda hivyo, nikiwakemea watu juu ya rangi ambazo wao hawakuziona.

Kilichonipeleka hospitali ni kuendesha gari. Jua la asubuhi lilikuwa linanipiga hadi sioni barabara, nikakwangua nguzo. Daktari, binti mdogo tu, akanimulika akasema nina mtoto wa jicho, macho yote mawili.

"Huo si ugonjwa wa wazee?"

"Na wewe mzee wangu una miaka mingapi?"

"Hamsini na mbili."

"Basi umewahi," akasema, akaendelea kuandika.

Wakanifanyia upasuaji, jicho la kulia kwanza. Kesho yake wakatoa bandeji. Ukuta wa wodi ulikuwa mweupe, mweupe wa kuumiza, kama maziwa ndani ya bakuli la bati. Nikafumba la kulia, nikatazama kwa la kushoto: ukuta wa njano. Nikafumba la kushoto: mweupe. Kulia, kushoto, kulia.

Nesi akasimama mlangoni. "Mzee, unamkonyeza nani? Mimi nina mume."

Sikuweza kucheka. Nilikuwa nauwaza mtama.

Nina tabia moja: kila mzigo ninaoukataa, natia konzi moja kwenye mfuko wa nailoni na kuutundika ghalani, mtu asije kuniletea uleule kwa mlango mwingine. Kutoka hospitali sikwenda nyumbani. Nikautungua mfuko wa Kolo, nikaumwaga kiganjani, nikafumba jicho la kushoto.

Mweupe. Sijawahi kuona mtama mweupe vile.

Nikamfuata jirani. "Tazama hii."

"Safi sana. Wa nani?"

"Ni ule wa mama wa Kolo. Siku ile ulisema una unjano."

Akaupekua kwa kidole. "Tajiri, naapa niliuona ule unjano."

"Macho yako ni mazima! Uliuonaje?"

"Wewe ulikuwa umeshasema."

Hapo ndipo hasira iliponipanda, na sijui nimkasirikie nani. Mimi nilidhani kuona ni kuona: kitu kipo, jicho linakichukua kilivyo, basi. Kumbe nilikuwa natia rangi yangu kwenye kila kitu na kukiita ukweli. Na huyu mwenye macho mazima aliona kwa mdomo wangu. Watu kumi na tano tulisimama juu ya mtama mweupe, na hakuna aliyeuona, isipokuwa mwenyewe, naye nilimwita mwongo. Jicho wamenitengenezea. Je, mengine niliyotamka miaka yote hii, nitayapima kwa mfuko gani?

Nikaenda Kolo na milioni mbili kwenye bahasha. Nilimkuta uani kwake anapepeta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Nikamweleza yote, jicho, ukuta, mfuko. Hakuacha kupepeta.

"Wageni wanapanda hapa juu kutazama michoro ya kale kwenye mawe," akasema. "Mmoja anaona mnyama, mwenzake anaona mtu anacheza. Wanaulizana. Wewe hukuniuliza."

"Nimekosa, mama. Nitarudi sokoni, nitasema mbele ya wote."

"Sema. Utakuwa umesema." Akapokea bahasha. Akahesabu kwa sauti ya chini: elfu ishirini na saba alizopoteza kwa kila gunia, mara arobaini. Elfu sitini za lori kulala. Elfu ishirini za wabebaji. Akatenga zake. Laki nane na arobaini akanirudishia.

"Chukua zote mama, ni zawadi."

"Sitaki zawadi. Nimechukua changu."

"Na mtama wa mwaka huu?"

"Una mnunuzi. Wa Singida."

"Na mwakani?"

Akainua ungo, akaniangalia machoni, moja kisha la pili, kama anayechagua la kuongea nalo. "Mwanangu, njia ya kurudi ni mbaya jua likishuka."

Nilijaribu kumrudishia zile laki nane kwa kuziacha juu ya kinu. Akanifuata nazo hadi kwenye gari, akazitia dirishani. Miaka ishirini na sita ya mtama wa Kolo, ikafungwa kwa shilingi milioni moja, laki moja na sitini elfu.