Mikia ya Ngege wa Gesare

Sheria mpya ilipotangazwa redioni, Gesare alikata fimbo ya mti wa kahawa na kuichonga alama moja: urefu wa chini wa ngege, samaki wa ziwani, anayeruhusiwa kuuzwa. Zamani aliyeshikwa na samaki wadogo alilipa faini akarudi nyumbani. Sasa ni miaka miwili jela, faini hakuna, na mchuuzi ahukumiwa sawa na mvuvi. Gesare ni mjane. Watoto wake wawili, Lavender na mdogo wake, hawana mtu mwingine.

Basi kila asubuhi Achola alipoleta samaki sokoni Mosocho kutoka ziwani, Gesare aliwapima mmoja mmoja.

"Unawapima kama fundi wa suti," Achola alimcheka. "Utawashonea na suruali?"

"Acha nipime. Huko jela sina mjomba."

Samaki mfupi alimrudisha. Hakuwahi kukosea hapo.

Kisumu na Kampala ngege hukaangwa na mkia wake. Mosocho hapana. Karai ni dogo, mkia hutokeza nje ukaungua, na wateja wa pale hawagusi kilichoungua. Kwa hiyo Gesare aliikata mikia yote kabla ya kukaanga, akaitia kwenye ndoo. Jirani yake Damaris aliipeleka nyumbani, akaikausha na kuwatwangia kuku.

Jumatano maafisa watatu wa uvuvi walishuka sokoni. Mmoja, Oketch, aliweka rula juu ya samaki wa kwanza mezani.

"Sentimita ishirini na mbili. Inatakiwa ishirini na tano, mama."

"Mkubwa, huyo amekatwa mkia. Wote wamekatwa."

"Kila mtu siku hizi samaki wake amekatwa mkia."

"Angalia kisu kilipopita."

Oketch aliinama, akaangalia kwa muda. "Naona kisu. Sijui kimekata mkia wa urefu gani. Niletee mikia nipime."

Gesare alipumua. Ndoo ya asubuhi ilikuwa kwa Damaris, nyumba ya tatu nyuma ya soko. Alitoa simu.

"Weka sauti, tusikie wote," Oketch alisema.

Damaris alipokea papo hapo, akihema, wala hakungoja salamu.

"Mama Lavender, usiogope. Watu wa boda wameniambia hao maafisa wamekuja. Ile mikia nimeitia kwa jiko yote, hata ile ya jana. Hawatapata ushahidi wowote. Wewe kana tu."

Karai lilikuwa likichemka. Oketch aliandika kwenye daftari lake, neno kwa neno, akamwomba Gesare amtajie jina kamili la Damaris.

Gesare alichukua fimbo akailaza kando ya samaki wa juu. Vilipungua vidole viwili kufikia alama. Akampima wa pili, na wa tatu. Vidole viwili.

"Panda gari, mama."

"Watoto wanatoka shule saa kumi," Gesare alisema, na mkono wake ukamfikia samaki wa nne.